Maswali yenu: bastola ndogo ya akiba

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Texas na Ohio na karibu zote zinazunguka kitu kimoja, ile bastola ndogo ya kuficha, ya akiba. Nimezisoma zote. Nimechagua chache nizijibu kwa kirefu kwasababu hili jambo watu wanaliendea mbio mno, mtu anaingia dukani anaona kitu kinaenea kwenye kiganja anasema hicho hicho nipe, anatoka nacho, mwaka unaisha hajakipiga hata risasi hamsini. Tuanze na kijana wa Houston.

Mwalimu shikamoo. Mimi ni mlinzi wa usiku hapa Houston, nina leseni ya kubeba silaha kazini na kiunoni nina Glock 19. Kampuni imeturuhusu kwa barua kubeba bastola ya pili. Wenzangu wananiambia chukua Ruger LCP maana ni nyepesi hata huisikii, mwingine anasema chukua Glock 26 inakula magazini zako hizo hizo, yale makasha ya risasi, na kuna mzee mmoja pale kazini yeye anasema achana na hayo yote chukua revolva, ile ya silinda inayozunguka, ya risasi tano. Nina hela ya moja tu. Nichukue ipi?

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hiyo barua ya kampuni isikutoshe. Sheria ya kubeba kama raia wa kawaida ni kitu kimoja na sheria ya kubeba ukiwa umevaa sare ya ulinzi ni kitu kingine, kwahiyo waulize na DPS ya Texas, wale wanaosimamia leseni yako, na jibu lao liwe la maandishi. Watu wanachanganya sana hapa, wanasema si Texas tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 anabeba bila kibali? Ndio, kama hakuna kitu kingine kinachomzuia kisheria, lakini hiyo ni habari ya raia barabarani, we uko kazini na una masharti ya kazi.

Sasa bastola. Nakuomba kabla ya jina lolote ujiulize hiyo ya pili utaitoa saa ngapi? Utaitoa ile kubwa ikishakwama, au imeisha risasi, au imekudondoka, au kuna mtu ameing'ang'ania kiunoni kwako na mkono wako wa kulia wote uko pale unamzuia asiichomoe. Hizo ndio saa zake. Yaani mambo yameshaharibika tayari, umelala chini pengine, mkono mmoja tu ndio unafanya kazi na mara nyingi ni ule mkono usioutumia.

Kuna tukio ambalo walimu wote wa silaha Marekani wanalifundisha, la Miami, Aprili 11, 1986. Maajenti wanane wa FBI walilibana gari la majambazi wawili wa benki, Michael Platt na William Matix, wakawagonga ili wasimame. Ajenti mmoja, John Hanlon, pale magari yalipogongana revolva yake kubwa ya .357 (namba kama hizi ni aina ya risasi) ikampotea. Hakuwa nayo tena. Akabaki na ya akiba, Smith & Wesson Model 36, kadogo ka risasi tano, akapigana na hako hako, na alipokuwa anajaza tena risasi akapigwa mkononi. Maajenti wawili, Ben Grogan na Jerry Dove, walikufa siku ile na wengine watano waliumia. Mimi nikifundisha huwa naliweka darasa likae kimya hapo kidogo, maana kwenye hilo tukio moja unaona yote, bastola kubwa inapotea kabla hata mtu hajakaa sawa, na mkono unaumia katikati ya kujaza risasi. Polisi wa New York enzi za revolva wengi walikuwa na mazoea ya kubeba mbili, ya kwanza ikiisha unaichomoa ya pili badala ya kuhangaika kujaza, maana kuchomoa ni haraka kuliko kujaza na mikono inayotetemeka.

Kwahiyo bastola yako ya akiba ichaguliwe na mkono wako wa kushoto. Uzito, urefu, idadi ya risasi, hayo yote yanakuja baadaye. Nenda renji, yaani uwanja wa kupigia risasi, azima au kodisha zote tatu ulizonitajia, renji nyingi za Houston zinakodisha. Bandika sahani ya karatasi mita tano. Shika kwa mkono wa kushoto peke yake, piga tano. Usikimbilie, lakini pia usipige moja ukapumzika kama uko kwenye mashindano. Ile ambayo tano zote zinakaa ndani ya sahani ndio mazungumzo yetu yanaanzia hapo. Nyingine zote hata iwe nzuri vipi iache dukani.

Na utashangaa. Watu wengi wanadhani ndogo ni rahisi. Ndogo ni ngumu! LCP ina gramu kama 270 tu ikiwa tupu, mpini wake unashikwa na vidole viwili, cha tatu kinaning'inia hewani, na kwasababu haina uzito wa kumeza lile teke la bastola ikirudi nyuma basi teke lote linaingia kwenye ile ngozi kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Wale waliotoka nayo 2008 walitaka kitu cha kubeba muda wote na kwa hilo walifanikiwa kweli, kilengeo chake cha mbele lakini ni kama kipele, usiku hukioni. LCP MAX ya 2021 imerekebisha hilo, vilengeo vinaonekana, inachukua risasi 10 kwenye magazini na uzito umepanda kidogo tu kama gramu 300, kwahiyo kama ni ukoo huo basi chukua hiyo mpya. Teke lipo pale pale.

Glock 26 aliyokushauri yule mwingine ni ushauri wenye akili. Magazini za 19 yako zinaingia kwenye 26, triga, kile kifyatulio cha kuvuta kwa kidole, ni ile ile unayoijua, mikono yako haina kitu kipya cha kujifunza, na wewe unapiga 9mm tayari kwahiyo risasi ni boksi moja. Shida ni mwili wake. Gramu 615 na magazini tupu, ukiijaza ndio inapanda zaidi, na ni nene. Mfukoni haikai. Ukiiweka kwenye kifundo cha mguu, baada ya masaa sita ya kusimama getini utaanza kuchechemea, na mtu yeyote anayejua ataona suruali imevimba. Ungekuwa unakaa kwenye gari la doria usiku kucha ningekwambia 26 kifundoni, maana ukiwa umekaa na mkanda wa gari umekubana mkono haufiki mfukoni lakini goti ukilinyanyua kidogo mguu uko pale. Wewe umesema ni mlinzi, hukuniambia wa gari au wa kusimama. Nachukulia wa kusimama.

Basi mimi namuunga mkono yule mzee. Revolva ndogo, Smith & Wesson 642, risasi tano za .38 Special, kama gramu 410, fremu ya aluminiamu na nyundo imefichwa ndani kwahiyo hakuna kinachonasa kwenye kitambaa ukichomoa. Ruger LCR ni ya aina hiyo hiyo, nyepesi zaidi kidogo, na kwa vidole vyangu triga yake inateleza vizuri zaidi, zijaribu zote mbili. Kwanini revolva? Kwasababu ukiwa umebanana na mtu kifua kwa kifua bastola ya slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma na mbele kila ukipiga, ikisukumwa mdomo wake inaweza isifunge sawasawa na isilie, na mkono ukiwa umelegea slaidi inaweza isimalize safari ikakwama. Revolva haina slaidi. Ukivuta triga inazunguka. Risasi isipolia vuta tena, inakuja nyingine, na hilo mkono mmoja wa kushoto unaliweza peke yake.

Lakini nikwambie ukweli wake wote. Triga ya 642 ni nzito, kama kilo tano na nusu, wakati Glock yako ni kama mbili na nusu. Mara ya kwanza utavuta na mdomo wa bastola utashuka chini kushoto au kulia, risasi zitaingia nje ya sahani, utanitukana. Ndio maana inataka mazoezi ya kufyatua bila risasi nyumbani, ukiwa umeikagua mara mbili kwamba ni tupu na risasi ziko chumba kingine kabisa, dakika kumi kwa siku, weka sarafu juu ya mtutu uvute triga mpaka sarafu isidondoke. Na risasi, hapa watu wanakosea, usikimbilie zile kali zenye alama ya +P. Mtutu wa inchi mbili kasoro hauna muda wa kuisukuma risasi ifikie kasi ya kupasuka vizuri, yaani ncha yake kufunguka ikiingia mwilini, unapata mwanga mkubwa na teke na faida ndogo. FBI kwenye majaribio yao wanataka risasi iingie inchi 12 mpaka 18 kwenye jeli ya majaribio inayoigiza mwili, na ile .38 ya zamani ya uso bapa, wadikata ya uzito wa greini 148, ambayo watu wanaidharau wanasema ya kutobolea karatasi, inafikia kina hicho na mkono unaistahimili. Mimi ndio ninayobeba kwenye yangu.

Uiweke wapi? Mfuko wa mbele wa KUSHOTO. Mkono wa kulia una kazi yake na Glock. Na iwe ndani ya holsta, yaani ala ya bastola, ya mfukoni, yenye kufunika triga yote, yenye ngozi au mpira wa nje unaong'ang'ania kitambaa ili holsta ibaki mfukoni bastola itoke peke yake. Halafu huo mfuko ni wa bastola tu. Funguo hapana, sarafu hapana, kiberiti hapana, pipi hapana. Nasema pipi kwa sababu. Mwaka juzi kuna mwanafunzi alikuja renji na bastola yake ya mfukoni, .380, anasema inakwamakwama hajui kwanini. Nikaitoa magazini, nikavuta slaidi, nikahakikisha ni tupu, nikamulika tochi. Ndani ya mtutu kulikuwa na nyuzi za kijivu zimejikunja kama kiota cha ndege, pale kwenye njia ya risasi kuna uchafu wa kahawia unanata, nikachokoa na kijiti cha masikio, ni pipi ya mint imeyeyuka na jasho na kukauka tena. Miezi minne ilikuwa mfukoni mwake hajaifungua. Miezi minne yule kijana alikuwa anatembea anaamini ana kitu mfukoni. Na joto la Houston unalijua, skrubu za kwenye mpini zilikuwa zimeanza kutu. Kwahiyo Jumapili ukipiga pasi nguo za wiki na hiyo itoe, ifute, mulika mtutu, paka mafuta kidogo sana, rudisha.

Hela yako ya moja igawe hivi, bastola, holsta nzuri, na boksi nne za risasi za mazoezi. Kama haifiki subiri mwezi mwingine. Bastola bila holsta usiiweke mfukoni hata siku moja.

Kaka, niko Columbus, Ohio, nafanya kazi ya kuhudumia wazee shifti ya usiku na nina watoto wawili wa miaka 4 na 7. Mume wangu amenizawadia bastola ndogo sana ya .380, amesema niiweke kwenye pochi. Nimeipiga mara moja mkono ukaniuma siku mbili na sasa naiogopa. Yeye anasema nitazoea. Je tatizo ni mimi? Na hiyo .380 yenyewe inatosha?

Dada yangu, tatizo si wewe. Pole sana. Hii barua yako nimeirudia mara tatu maana naipata kila mwezi kwa mwandiko tofauti. Mwanaume anaenda dukani, anafikiria mke wangu ana mikono midogo basi nimpe bastola ndogo, na moyo wake ni mzuri kabisa simlaumu, ila bastola ndogo kabisa ndio inayopiga teke kali zaidi mkononi, na slaidi yake mara nyingi ina springi ngumu, na mpini hauna pa kushika. Zile ni za mtu aliyezoea miaka, anayeibeba kama ya pili.

Wewe hii ni ya kwanza na ya pekee, sio ya akiba. Kwahiyo unahitaji kitu kinachojaza mkono. Rudini dukani wote wawili, mwambie kwa upole asante lakini tuibadilishe. Jaribu Smith & Wesson Shield EZ ya .380, ilitoka 2018 na waliitengeneza makusudi kwa watu wenye mikono isiyo na nguvu, slaidi yake unaivuta bila kukunja uso, inachukua risasi nane na ni kubwa kiasi cha kukaa vidole vyote. Ukiipiga utadhani ni risasi nyingine, kumbe ni ile ile .380. Au jaribu SIG P365, hiyo ni 9mm, ndogo lakini imenona, ina kama nusu kilo, ilipotoka 2018 iliwashangaza watu kwa kuweka risasi kumi kwenye kitu cha ukubwa ule. Ipi uchukue? Ile ambayo ukimaliza kupiga risasi hamsini unataka kupiga nyingine. Naongea kabisa, hicho ndio kipimo, maana inayoumiza hutaifanyia mazoezi, na usiyoifanyia mazoezi siku ya siku mkono hautaijua.

Unauliza pia pembeni kama .380 inatosha. Kipenyo chake na 9mm ni kimoja, ganda ndio fupi, 9 kwa 17 badala ya 9 kwa 19, kwahiyo baruti ni ndogo. Kwenye .380 risasi ikipasuka mapema mara nyingi haiingii kina, isipopasuka inaingia. Haina ziada kama 9mm. Lakini .380 inayoingia pale ulipolenga inazidi 9mm iliyoenda ukutani, sina wasiwasi kusema hivyo.

Sasa pochi. Hapa naomba unisikilize kama kaka yako wa tumbo moja. Usiweke kwenye pochi. Pochi inawekwa juu ya meza, kwenye kochi, kwenye kiti cha nyuma cha gari karibu na mtoto wa miaka minne ambaye anajua mama huwa anaweka biskuti humo ndani. Mtoto haibi, anatafuta biskuti. Anakuta kitu. Mkono wa mtoto mara nyingi hauna nguvu za kuvuta triga kwa kidole kimoja kwahiyo anaigeuza, mdomo unamwangalia yeye, anasukuma kwa madole gumba yote mawili. Hivi ndivyo inavyotokea na ndivyo nitakavyoendelea kuisimulia hata watu wakiniambia inatisha. Na mwizi akikunyakua pochi amekunyakua na bastola. Kama ni lazima ubebe, iwe mwilini, kiunoni ndani ya holsta ngumu, na ukifika nyumbani inatoka mwilini inaingia kwenye sefu, haipiti kabatini wala juu ya friji wala chini ya godoro. Sefu ndogo ya vidole au namba, ifungwe na nyaya kwenye kitanda.

Na kazini kwako uliza kabla. Ohio tangu Juni 2022 mtu mzima wa miaka 21 anayestahili anabeba bila kibali lakini mwajiri ana haki ya kukataza ndani ya jengo lake, na nyumba nyingi za wazee zinakataza. Kama inakatazwa utaiacha kwenye gari, na gari bila sefu iliyofungwa na waya ni kumgawia mwizi. Ukiona mzunguko wote huo ni mzito kwako basi usibebe. Kweli kabisa. Tembeeni wawili wawili mpaka kwenye gari, mwombe mlinzi akusindikize, paki chini ya taa. Hakuna anayekudai ubebe bastola.

Mwalimu, mimi nina grini kadi na nina silaha zangu kihalali. Shemeji yangu amekuja kwa viza ya uanafunzi, anafanya kazi mpaka usiku chuoni, anaogopa. Naweza kumnunulia kadogo au kumwazima kangu ka akiba?

Hapana. Usimnunulie, usimwazime, usimwachie hata kwenye droo ya gari mnapoendesha pamoja.

Nieleze kidogo maana hapa ndugu zetu wanaangamia bila kujua. Sheria ya serikali kuu inawakataza watu walioingia kwa viza za muda, wanafunzi wakiwemo, kumiliki au kushika silaha na hata risasi zenyewe. Kuna vipengele vya kipekee, kwa mfano mwenye leseni halali ya kuwinda, nawajua vijana wanaosikia hilo wanakimbilia kununua leseni ya sungura, lakini hilo ni jambo la kukaa na wakili wa uhamiaji kwanza, usilifanye kwa kusikia kwenye gumzo la grupu. Asiye na hadhi yoyote ya kisheria haruhusiwi kabisa. Mwombaji hifadhi ambaye kesi yake haijaisha, naye asiguse chochote kabla wakili wake hajamwambia kwa maandishi. Mwenye grini kadi kama wewe unaruhusiwa, kama huna kizuizi kingine.

Ukienda dukani utajaza fomu 4473. Inakuuliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Ukijibu ndio huku hela ni za shemeji, huo ni uongo kwenye fomu ya serikali kuu na ni kosa la jinai kubwa. Zawadi ya kweli kwa mtu anayeruhusiwa, kama yule mume wa Columbus, haina shida. Shemeji haruhusiwi, kwahiyo hata zawadi haiwezekani. Na kwa mtu ambaye sio raia kosa la silaha halimalizikii kwa hakimu, linafungua faili la kumrudisha kwao. Wewe mwenye grini kadi pia! Hata bangi, nyie mnaokaa majimbo iliporuhusiwa, kwa sheria ya serikali kuu anayeitumia haruhusiwi kumiliki silaha, na fomu ile ile inauliza.

Shemeji mpe namba ya ulinzi wa chuo, vyuo vingi wana huduma ya kumsindikiza mwanafunzi usiku bila malipo. Mpe na wewe simu yako ikae wazi saa anayotoka. Wakati mwingine hofu ya mgeni ni upweke wa kutembea peke yake gizani kwenye mji asioujua.

Nakuja Mombasa Desemba, naweza kuja na ka LCP kangu kwenye begi la chini? Hapa Dallas huwa nasafiri nako Florida bila shida.

Dallas mpaka Florida ni safari ya ndani, unaitangaza kwa shirika la ndege, ni tupu, iko kwenye boksi gumu lenye kufuli. Kenya ni nchi nyingine na ina sheria yake ya silaha, sura ya 114, na bodi yake ya leseni. Kibali cha Texas pale ni karatasi tu. Iache kwenye sefu Dallas, funguo mwachie mtu anayeruhusiwa, njoo ule viazi karai kwa amani.

Mwalimu, kila usiku natoa risasi iliyoko chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa tayari kupigwa, ya bastola yangu ya akiba, asubuhi nairudisha. Mke wangu anasema nitaiharibu. Nani yuko sawa?

Mama yuko sawa kuliko unavyodhani, ila kinachoharibika ni risasi. Kila ukiiingiza chemba kwa slaidi ile ncha yake inagonga njia ya kupandia, na ukirudia risasi ile ile kila asubuhi ncha inaanza kuzama ndani ya ganda kidogo kidogo. Ikizama nafasi ya baruti inabana, presha inapanda kupita ile bastola iliyotengenezewa, na kwa kakitu kadogo kama hako hutaki kujua matokeo.

Fanya hivi, ichukue hiyo risasi ya kila siku uisimamishe mezani karibu na mpya kutoka boksi lile lile. Inama macho yawe sawa na meza. Ukiona ya zamani ni fupi hata kwa unene wa kucha, iweke pembeni usiipige, wapelekee renji waitupe wanajua pa kuitupia. Halafu afadhali usiitoe chemba kila usiku, iache bastola nzima ilivyo ndani ya holsta yake, triga imefunikwa, uifungie kwenye sefu hivyo hivyo na holsta yake. Unapunguza kuishikashika usiku ukiwa umechoka, na ajali nyingi za nyumbani nilizosimuliwa na wenyewe zilitokea pale pale, mtu anatoa risasi kitandani huku anaongea na simu.